Ushanga Mmoja

Saa kumi na moja alfajiri, Januari, Wisconsin.
Theluji imepanda hadi vizingiti vya madirisha
na mimi nashuka ngazi za maabara kupima panya.
Kila mmoja ana namba sikioni. Majina hayaruhusiwi,
ingawa mia mbili na kumi na nne
nimemwita Kibonge, kimoyomoyo, tangu Oktoba,
tumbo lake lilipokuwa likifagia sakafu ya kizimba.

Protini, namweleza baba kwa simu,
ni uzi uliotungwa shanga za aina ishirini.
Sisi tumepunguza ushanga mmoja tu, isolusini.
Mafuta hatukugusa. Sukari hatukugusa.
Bakuli tunalijaza pomoni.
"Halafu?"
Halafu wanakula kuliko zamani, baba, na wanapungua.
Anacheka. Nasikia kiti kikilalamika chini yake.
"Hicho ni kitendawili," anasema Arvid Tollefsrud,
"na mimi sina mji wa kukupa."

Kilo mia moja thelathini na nane.
Miaka arobaini akigeuza maziwa kuwa jibini,
akionja kila gurudumu kwa ncha ya kisu:
kipande cha kazi, kipande cha nafsi.
Daktari alimwambia ale kidogo. Akala kidogo.
Njaa ikamkalia mlangoni kama mdai,
na mwili, bahili yule, ukafunga ghala,
ukapunguza moto,
ukangoja.
Kisha ukachukua chake, na riba.

Ndiyo maana kila Jumapili huniuliza,
"Panya wako wamesemaje?"

Wamesema ini hugundua upungufu
kabla ulimi haujajua kitu.
Hutuma tarishi ndani ya damu,
na mafuta yaliyolala kama magunia darini
huamshwa, huambiwa: ungueni.
Bila mbio, bila jasho. Joto tu.
Leo Kibonge ana gramu thelathini na moja.
Alikuwa na arobaini na sita.
Kiganjani alikuwa moto kama kikombe cha chai,
na huko nje bomba la maji limepasuka kwa baridi.

Lakini sijui kama mtu ni panya mkubwa.
Hilo nalo namwambia, naye hapendi kulisikia.
Jibini imejaa ushanga huo, na mayai, na nyama,
na hakuna kisu cha kuuchomoa.
Chakula cha panya wetu tunakichanganya wenyewe, unga kwa unga;
niliwahi kuuonja: chaki iliyolowa.
Na misuli, je? Na mifupa ya mzee wa miaka sitini na saba?
Uzi ukikatika usiku, nani atainama kuokota?

Lipo pia ambalo simwambii.
Alhamisi Kibonge atapimwa kwa ndani.
Nitaandika uzito wa ini lake kwa desimali nne
na mkono hautatetemeka,
maana nimeuzoesha.

Jumapili naendesha gari hadi kwake, barabara nyeupe, polepole.
Mzani wa hospitali ameukataa,
anasema unamsoma kama hati ya mashtaka.
Anapanda ule wa kiwandani,
wa chuma, wa kupimia makopo ya maziwa,
soksi za sufu miguuni, mkono mmoja ukutani.
"Anza na ya yule panya," anasema.
Namtajia ya mwisho.
Anatikisa kichwa, ameridhika,
kama mtu aliyesikia kwamba mtoto wa jirani kafaulu.

Kisha anautoa mkono ukutani
ili uzito wote uwe wake,
na kunigeuzia uso: "Soma."