Kidoa cha Pikseli Saba

Bidzina alileta kopo la chai
limefungwa gazetini kama samaki,
akalitua mezani pangu, hapa Kutaisi,
mvua ikigonga bati la fundi viatu wa jirani.
"Nataka picha hii ubavuni mwa lori," akasema.
"Mita tatu. Isiwe na chengachenga."

Kutu ilikuwa imelila tangu kitako hadi kifuniko.
Msichana mchuma chai, kitambaa kichwani,
kapu mgongoni, na jina la kiwanda
kilichofungwa kabla sijazaliwa.

La kuvunda halina ubani:
picha ikianza vibaya, hakuna mstari utakaoiokoa.
Na kopo ni duara, skana ni bapa.
Nikalipiga picha vipande vinane,
nikiligeuza kama mtoto anayeogeshwa,
nikaviunga usiku.

Kisha nikaondoa rangi, nikabaki na weusi na weupe.
Nikasogeza kizingiti cha weusi:
kushoto, uso ukayeyuka;
kulia, msichana akaota ndevu za kutu.
Nikakiacha kwenye mia moja kumi na tatu,
pua ilipotokeza.

Kwa uvivu, nakiri, kwanza niliiachia kompyuta.
Ikanipa nukta elfu sita na mia nne,
kila punje ya kutu imezungushiwa uzio
kama shamba la mtu.

Nikafuta zote.
Nikaishusha picha tabaka la chini,
nikaififisha ikawa kama pumzi kwenye kioo,
nikaanza kwa mkono.

Mwalimu wangu Guliko, mchonga mihuri ya raba,
alikuwa akisema: nukta weka pale mstari unapobadili nia.
Kileleni mwa tumbo. Kiunoni. Nchani.
Penye safari tu, usiweke kitu.
Na vishikio vilale au visimame wima,
visiyumbe kama wageni wa harusi saa nane za usiku.

Herufi zetu hazijui kona,
zinajikunja kama mizabibu michanga.
Ya tatu niliidhania nukta kumi na mbili;
ikatosheka na sita.
Lakini kapu lilinila siku nzima.
Safu tatu za juu, kila ufito umesukwa;
ya nne, mchoraji mwenyewe alichoka,
fito zikawa mikwaruzo.
Nikachoka pamoja naye,
mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Mwisho nikafagia:
kila kidoa chini ya pikseli nane, nje.
Picha ikang'aa kama sahani iliyooshwa.

Bidzina akaitazama, koti lake likichuruzika sakafuni.
Akaweka kidole kwenye skrini
(sipendi watu wanaogusa skrini).
"Baka lake liko wapi?"
"Baka gani?"
"Hapa. Chini ya jicho."
"Hiyo ilikuwa kutu."
"Huyu ni mama yangu," akasema.
"Aliyemchora ni binamu yake, Lamara.
Walikuwa hawasemezani mwaka ule,
na bado hakumfutia baka."

Nikarudi tabaka la chini.
Nikavuta karibu, karibu, hadi shavu likawa vigae.
Kidoa. Nikahesabu.
Saba.

Nikachora duara: nukta nne, kamili.
"Si yeye."
Nikasogeza nukta moja upana wa unywele.
"Si yeye."
Nikavunja kishikio kimoja,
duara likapata ubavu mzito,
kama tone lisilotaka kuanguka.

Hakusema kitu.
Alivua kofia, akaikung'uta maji,
akaivaa tena.

Faili zima: nukta mia tatu kumi na moja.
Alipoondoka nikapiga hesabu:
ubavuni mwa lori, baka litakuwa
na upana wa kifungo cha koti.
Barabarani hakuna atakayeliona.
Nikahifadhi.