Wavushaji

Valdur husema majira hayaji mpaka ziwa lipasuke,
na ziwa bado limefunga, kijivu, lina mtoto wa jicho.
Helve hambishii. Anavaa mabuti ya marehemu mumewe,
soksi mbili ndani kujaza nafasi,
anachukua ndoo.

Mchana nilimkuta bustanini
ameliinamia rundo la mboji, analinusa.
Lilikuwa likifuka mvuke mwembamba.
"Usilichokoe," akaniambia. "Kuna kalunguyeye humo,
hajamaliza deni la usingizi."
Chini ya mtufaha theluji imebaki baka moja chafu,
na kando yake maua meupe, vichwa chini,
kama watoto waliovunja kikombe
wanaosubiri kuulizwa nani.
Mbetula tuliutoboa jana; chupani
umedondoka utomvu mwepesi kama maji,
utamu wake wa kukisia.
Juu, kipozamataza mmoja.
Mmoja tu, na anga lote kalishika.

Usiku mvua ikaanza, ya kwanza isiyouma.
Tukashuka barabarani na taa vichwani,
mimi, Helve, na Kertu wa darasa la tatu
aliyeruhusiwa kuchelewa kulala kwa sababu hii tu.

Nao wakaja.
Kutoka msituni, kwa mwendo wa wagonjwa wa baridi yabisi,
vyura, madume migongoni mwa majike,
wanarudi bwawa walilozaliwa.
Lami hawaijui. Njia ilikuwa yao kabla ya lami.
Helve anaokota, anahesabu kwa sauti:
arubaini na tatu, arubaini na nne,
huyu mzito, ana mayai, mshike kwa mikono miwili.

Kwenye kona likatokea lori la magogo.
Kelele za chura, wanasema, hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Hawa hawakupiga hata kelele,
na lori likasimama.
Dereva akashuka, kijana, hereni sikio moja,
akatazama ndoo, akatutazama,
akavua kofia yake ya sufu
akavusha watatu ndani yake.
Hakusema neno. Kofia hakuivaa tena.

Wa mwisho nilimweka ng'ambo mwenyewe,
kwenye nyasi, uso kwa bwawa.
Akageuka. Akaanza kurudi msituni.
Nikainama nimfuate.

"Mwache," Helve akasema.
"Labda kuna kitu amesahau."

Ukutani kwa banda, kwa chaki, akaandika sitini na moja.
Akafikiri kidogo.
Akafuta ile moja kwa kidole gumba.