Jukwaa la Mashariki, Bingwa

Afisa wa shirikisho amekuja na kompyuta mapajani,
kijana wa watu, shati limepigwa pasi hadi linakata.
Anataka orodha ya mabingwa tangu bendera ilipopandishwa.
"Ofisi iliungua," asema, "na masalia wakayamaliza panya.
Tumesikia baba yako aliandika."

Aliandika.
Santigie Fofanah, mchora mistari wa uwanja wa Brookfields,
ndoo ya chokaa mkono huu, kamba mkono huu.
Jumapili vidole vilikuwa vyeupe hata akila wali na kisamvu,
na mama akimwambia, "Leo tena unakula uwanja."
Daftari alilinunua kwa Mlebanoni wa Mtaa wa Kissy,
jalada jekundu, la kuandikia madeni.
Kwenye safu ya mdaiwa akaandika timu.
Kwenye safu ya kiasi, pointi.
Safu ya aliyelipa akaiacha.

Namsomea kijana:
Reli, bingwa. Reli, bingwa tena.
Kisha Bandari, kwa bao la mkono lililoonwa na mji mzima
isipokuwa mwamuzi.
Kisha Reli haionekani.
Serikali iling'oa njia ya treni, mataruma yakawa kuni,
na mlinda mlango wao, Abioseh Wray,
nilimkuta Cline Town akiuza maji ya tangawizi,
viganja vipana kama sinia,
akirusha chupa na kuzidaka watoto wapate kucheka.
*Timu haifi*, baba kaandika pembeni. *Hukosa nauli.*

Halafu kurasa zinapunguza sauti.
Timu kumi na nne. Kumi.
Saba zilizoweza kufika,
kwani barabara za bara zilikuwa na wenyewe.
"Hapa patupu," kijana asema, kidole hewani.
"Niandike ligi haikuchezwa."
Ngoja. Geuza.

Mwaka tisini na tisa tulilala uwanjani,
sisi na maelfu, turubai kwa turubai.
Jiko letu lilikuwa juu ya nukta ya penalti.
Wavu wa goli, chandarua cha mapacha wa Hawanatu.
Wavulana walifunga matambara yakawa mpira,
wakaigawa kambi vipande vinne,
wakacheza kati ya foleni ya maji na foleni ya choo.
Baba akachora kwa jivu; chokaa ingetoka wapi?
Na hapa, tazama, mwandiko ule ule, haukutetemeka:
*Jukwaa la Mashariki, pointi kumi na moja. Bingwa.*
*Nahodha Finda Gborie, miaka kumi na mitatu, msichana.*
*Hakuna aliyekata rufaa.*

Kijana anajisugua paji la uso.
"Hii si ligi, dada."
Ilikuwa na ratiba.
"Mwamuzi je?"
Mpika uji wa kambi.
"Alitukanwa?"
Kila Jumapili, yeye na uji wake.
Kijana akacheka, kisha akakumbuka kazi yake.

Mwaka wa Ebola, huo ndio uko wazi kweli.
Mstari mmoja mtupu, hata nukta hakuna.
Unaofuata, mwandiko ni wangu.

Ameondoka. Alichoandika sikukiona.
Jana mji ulijazana kwenye mabanda ya video
ukiililia Uingereza.
Sisi jukwaani tulikuwa mia mbili na kumi na nne;
nilihesabu, na mimi nikajihesabu.
Bandari sifuri, Walimu sifuri.
Mvua tangu dakika ya ishirini.
Chokaa niliyoichora alfajiri ikawa maziwa,
ikatiririka kuelekea kona,
hakuna aliyejua tena mpira umetoka au bado umo ndani,
na wote ishirini na wawili wakamgeukia mwamuzi,
mikono juu, wamelowa,
kila mmoja akidai ni wake.