Ufagio wa Ndewario

Picha imetoka kwenye bahasha, ofisini kwa usharika,
pembe moja imeliwa na mende.
Kanisa la Kidia, ndani. Hakuna mtu.

Mwanga umeingia kwa dirisha la mashariki
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu,
umepita sakafuni, ukapanda benchi la tatu,
ukaishia kwenye ubao wa nyimbo:
mbili, moja, saba,
na ile saba imening'inia kichwa chini.

Nashusha lenzi ya fundi saa.
Misumari. Alama za randa kwenye mbao za mkulo.
Gunia la kahawa limekunjwa chini ya mguu mfupi wa kinanda.
Na altareni, ndani ya kopo, jani la isale:
nani alimwomba nani radhi wiki ile?

"Bibi yako yupo hapo," anasema Aikande, mhazini.
Wapi?
"Hapo penye ufagio."

Ufagio uko wazi, kila unyasi unahesabika,
umeegemea ukuta.
Kando yake ukungu mweupe, kimo cha mtu mfupi.

Kamera za zamani zilifumba jicho polepole,
zilitaka kila kitu kitulie.
Bibi hakutulia. Alikuwa na mabenchi ya kufuta,
na ndizi jikoni,
na mtoto mgongoni, pengine baba.

Ndiyo picha yake pekee:
ukuta unaonekana kupitia kifuani.

Naisogeza dirishani. Mawingu yameziba mlima na mji.
Nangoja yafunguke,
sitikisiki.