Ukungu Kwenye Ngazi

Kengele ya Chuo cha Ashgrove ilikuwa yangu.
Miaka minne, kiangazi na theluji,
saa kumi na moja na nusu alfajiri
nilishuka kitandani kabla ya jogoo wa mpishi,
nikapanda ngazi sabini na mbili kwa soksi mbilimbili
kuwaamsha mabinti wa wenye mali.
Kwa kazi hiyo walinifutia nusu ya ada.
Nusu ya pili baba aliilipa kwa viazi,
gunia juu ya gunia, kwa gari la farasi, kutoka ng'ambo ya mto,
na kila alipokuja aliingilia mlango wa jikoni,
akamvulia kofia hata paka.

Mwezi wa tano, mwaka 1911, Bi Lockridge mkuu wa chuo akatangaza:
gauni la mahafali lishonwe na mwenyewe,
pamba nyeupe, kitambaa kisizidi dola tatu,
hariri marufuku, tajiri asimkoge maskini.
Augusta Pelham, binti wa mwenye benki,
alijichoma sindano mara tano, akaja chumbani kwangu usiku
na buti zake mkononi, mpya, za ngozi laini.
Hatukusema mengi. Miguu yetu ilikuwa sawa.
Nilishona nyuma ya pazia kwa kipande cha mshumaa,
marinda kumi na mawili kifuani,
mishono midogo kama mbegu za ufuta.
Langu nililimaliza mbiombio, pindo likapinda upande mmoja
kama mto wetu unavyopinda pale kinuni.

Augusta akapewa tuzo ya ushonaji.
Alilia alipoipokea. Watu wakadhani ni furaha.

Siku yenyewe, jaji mmoja kutoka Columbus
alituhutubia saa nzima chini ya hema.
Mwanamke aliyesoma, alisema, ni taa ya nyumba ya mumewe.
Hedwig Amsler akaninong'oneza, "Na mafuta atanunua nani?"
Niliuma ulimi hadi machozi yakanitoka.
Hedwig huyo huyo aliwahi kukokotoa kupatwa kwa mwezi
kwenye ukingo wa kitabu cha nyimbo, katikati ya ibada.
Vuli ile alirudi kwao kukamua ng'ombe.
Aliniandikia barua moja tu: maziwa, mvua, mguu wa mama yake,
na chini kabisa, bila maelezo,
tarehe ya kupatwa kwa mwezi kutakakofuata.

Kisha mpiga picha, na sanduku lake la miguu mitatu.
Tulikuwa kumi na mmoja. Akatupanga kwenye ngazi za mawe,
warefu nyuma, wafupi mbele,
shada la maua ya kondeni likipita mabegani mwetu kama kamba.
"Sekunde nne," alisema kutoka chini ya kitambaa cheusi,
"asipumue mtu."
Alikuwa bado anahangaika na vioo vyake
saa sita ya mchana ilipowadia.

Hakuna aliyenituma. Miguu ilijiondokea yenyewe.
Ngazi sabini na mbili, mapigo kumi na mawili,
nikateremka mbio, buti za Augusta zikigonga mawe,
nikaruka mahali pangu,
naye amekwisha kufungua jicho la sanduku.

Ninayo hapa, imeingia rangi ya chai.
Augusta yuko katikati. Waweza kuyahesabu marinda,
kumi na mawili, hata fundo la uzi chini ya kola.
Mishono yangu imetulia tuli.
Mimi ni ukungu mwembamba upande wa kulia,
mkono mmoja usio na mwenyewe,
na buti mbili zinazoonekana vizuri kabisa,
kwa kuwa zilifika kabla yangu.

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliikwaruza kwa ukucha
akidhani ni doa la maji.
"Mwache huyo," nikamwambia,
"ndiyo kwanza anafika."