Ufunguo wa Kabati

Siku ile Mama alifungua kabati.
Si Idi, si posa, si wakwe kutoka Pangani:
ni Natsuko tu, mwalimu mwenzangu wa hesabu,
aliyekuja Barabara ya Kumi na Sita kwa baiskeli,
vumbi la Ngamiani limempanda hadi magotini.

Ufunguo ulitoka kwenye pindo la kanga.
Vikatoka vikombe vyenye mdomo wa dhahabu,
sita, vyembamba kama ganda la yai,
ambavyo mimi, kifungua mimba wake,
nimevijua kwa kupitia kioo
kama mtu anavyowajua samaki wa hotelini.

Mgeni akatazama. Akasifu, ndiyo.
Lakini jicho lake likateleza hadi mekoni,
kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi,
kipimo cha mchele, tundu lake limezibwa kwa lehemu.
Akauliza kwa adabu zote:
"Naweza kunywea kile?"

Uso wa Mama ulifunga duka.

Natsuko akaona. Akaanza kueleza,
Kiswahili chake kikijikwaa kwenye ngeli:
kwao, miaka mia nne na zaidi iliyopita,
alikuwepo mtawala mwenye chumba cha chai cha dhahabu,
kuta dhahabu, dari dhahabu,
chumba cha kukongolewa na kubebwa
ili utajiri usikose safari.
Na alikuwepo fundi wake wa chai
aliyependa kibanda cha udongo, mikeka miwili,
mlango mfupi hata jemadari aingie kwa magoti,
upanga ameuacha nje;
bakuli jeusi, alama za vidole bado zimo.

"Kisha?" Mama aliuliza, hajasamehe.
Kisha mtawala akamwamuru fundi ajiue.
Kisa? Natsuko akainua mabega:
vitabu vinabishana mpaka leo.
"Na mle ndani ya dhahabu, chai alimimina nani?"
"Huyo huyo fundi."
"Ehee," akasema Mama, na akaketi.

Kwani mtu wa namna hiyo alimjua.
Babake, Mzee Shekue, alibeba sinia la fedha
miaka kumi na tisa nyumbani kwa meneja wa mkonge, Pongwe.
Saa kumi kamili. Glavu nyeupe.
Birika lenye miguu ya simba.
Chai yenyewe ya Amani,
milima aliyoiona kwa dirisha la jikoni,
imekwenda Ulaya ikarudi
ndani ya kopo lenye picha ya farasi.
Usiku akarejea kwake, akanywa ya rangi kwa kifuu,
na hakutokea mtu wa kuandika
kwamba kifuu kile ni hekima.

"Mwanangu," Mama akamwambia mgeni,
"sisi bati hatukulichagua.
Aliyeshiba akifunga, huitwa mcha Mungu.
Mwenye njaa asipokula,
nani anamhesabia swaumu?"

Kimya. Iliki ikapanda, ikatokea dirishani.
Natsuko hakujibu. Alikishika kile cha dhahabu
kwa mikono miwili,
akakizungusha kidogo, tena kidogo,
waridi likatuelekea sisi,
akanywea upande usio na ua.

"Anatafuta ufa?" Mama akaninong'oneza.
Nikamwambia: hapana,
anaukwepa upande mzuri,
asiuguse kwa mdomo.

Mama akamtazama mpaka funda la tatu.
Akainuka, akaumwaga mchele kwenye ungo,
akajimiminia ya kwake kwenye bati.
"Inanuka mchele," alisema.
Akaimaliza.

Natsuko alipotoka alipita mlango wa uani,
akainama, makuti yakamgusa kisogo.
Upanga hakuwa nao.
Pampu ya baiskeli ameisahau, imeegemea ukuta.

Vikombe vitano vimerudi kabatini.
Cha sita kimepinduliwa kwenye kichanja
kando ya lile bati,
Mama anasema atakirudisha kesho.
Leo ni Alhamisi ya pili.