Kumi na Tatu Nukta Tatu

Mashine niliiunda mwenyewe, hapa Mkuti, Masasi,
nyuma ya ghala la salfa,
kwa vyuma vya kitanda cha wagonjwa na reli za droo.
Miaka miwili ilijua mambo matatu tu:
kwenda na kurudi, kulia na kushoto, kupanda na kushuka.
Kwake dunia ilikuwa bapa kama chapati.
Niliipa milango, niliipa kibao cha duka la Nampota,
ikachonga, wala haikuuliza
nyuma ya ubao kuna nini.

Kisha Somoe akaja na mninga,
vipande vinne, vikavu, vinavyolia ukivigonga.
"Matendegu," akasema. "Ya kitanda cha Zubeda.
Nataka shada lizunguke, liishie lilipoanzia."
Dada yangu si msemaji. Akageuza debe, akaketi.

Kuzunguka, basi. Mhimili wa nne.
Mota niliinunua kwenye fotokopi iliyokufia ofisi ya kata,
puli ndogo meno ishirini, kubwa meno sitini,
mkanda wa mpira katikati,
na taya tatu za kukamatia mti, za mtumba,
moja imepinda kidogo kama mtu anayeficha pengo.

Hesabu nikaipiga ukutani kwa chaki.
Mota hutembea hatua elfu moja mia sita ikamaliza mzunguko;
zidisha kwa tatu, deni la puli: elfu nne mia nane.
Gawanya kwa nyuzi mia tatu na sitini.
Kumi na tatu nukta tatu, tatu, tatu, tatu, tatu,
hadi nikagonga fremu ya dirisha.
Nikasema yatosha. Hiki kilichobaki atakidai nani?
Nikaiambia kompyuta: kumi na tatu nukta tatu.

Mti ukageuka!
Ukageuka kama mtoto anayeogeshwa,
mgongo, ubavu, tumbo,
vumbi la mninga likatukaa kwenye kope.
Jani likazaa jani. Umeme, ajabu, haukukatika.
Na lilipofika nyumbani, jani la mwisho
halikulikuta la kwanza.
Palikuwa na mwanya. Unene wa ukucha.

Nikakaza mkanda. Nikaitukana taya iliyopinda.
Tendegu la pili: ukucha uleule.
Kosa la bahati mbaya huhamahama.
Hili lilirudi palepale,
kama mdai anayejua saa unayokula.

Somoe akainuka. Akatia ukucha wake mwanyani, ukaenea.
Akatazama ukuta, zile tatu zangu zilizokomea dirishani.
"Arobaini kwa tatu," akasema,
"nayo ni kumi na tatu na kitu."
Akarudi kwenye debe lake.

Mikorosho ya mama, Chiungutwa, ni arobaini.
Siku ya kugawana, mimi, yeye na Liunda,
kila mmoja alipata kumi na mitatu. Ukabaki mmoja,
ule wa mpakani, unaotangulia wenzake kuzaa.
Nikasema yatosha, tusihesabiane kama watu baki,
huu nitautunza mimi.
Nimeutunza misimu tisa.
Kilo zake zimo humu: kwenye reli, kwenye nyaya,
kwenye mota hii inayonguruma.

Nikafuta. Nikaandika tatu, tatu, tatu,
mpaka kisanduku kikakataa kumeza.
Tendegu la tatu likafunga.
Nikapitisha kidole, nikazunguka, nikapotea,
sikujua shada lilianzia wapi.
Najua lakini kuwa tatu zile hazijaisha,
kwamba ndani humo pana upungufu
ambao ukucha hauufikii.

Mawili yameharibika. Mninga wa kufidia utatoka kwangu.
Somoe akapangusa kope kwa ncha ya mtandio.
"Bei yako?" akauliza.
Mashine sikuwa nimeizima. Mti umeshatoka,
taya tatu zinazunguka zimeshika hewa.
Nikasema: tuanze na ule wa mpakani.